Mkanda, kitanda cha joto na chumba cha fiziotherapia: kiuno cha fundi cherehani kimepita kote huko

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma hapa mkiwa mmeshika kiuno. Kama maumivu yako yamevuka miezi mitatu na hela yako ni ya kuungaunga, ipeleke kwanza idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, kwenye hospitali ya mkoa iliyo karibu nawe. Usianze na mkanda, usianze na kitanda cha joto, wala usikimbilie picha ya laki tatu na ushee kabla mtu aliyekushika mgongo kwa mikono yake hajakwambia kwamba unaihitaji. Hospitali niliyotibiwa siitaji kwa jina. Niliyoyapenda pale yametokana na mtaalamu zaidi kuliko jengo, na niliyoyachukia, foleni hasa, utayakuta kokote uendako.

Mie ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Nimegonga hamsini. Desemba na Januari ni sare za shule, Ramadhani ni madera na kanzu za Idd, na katika misimu hiyo naketi kwenye mashine tangu baada ya alfajiri mpaka watu wanarudi taraweh. Cherehani yangu ni ya miguu, na stuli niliyokuwa nakalia ni ya mbao, haina mgongo, nimeirithi kwa fundi aliyenifunza. Maumivu yalianza katikati ya kiuno, yakahamia tako la kushoto, yakateremka nyuma ya paja hadi kwenye kigimbi, na mwisho dole gumba la mguu likawa linakufa ganzi. Nikikaa yanazidi. Nikiinuka kitini inabidi nishike meza kwanza. Chafya moja tu, nahisi umeme unashuka mguuni. Nikisimama na kutembea kidogo, naona ahueni. Haya nayaeleza kwa urefu kwa sababu, kama mtakavyoona, hospitali ndiko pekee yalikohesabiwa kuwa na maana.

Mtaani mgonjwa wa kiuno hakosi majibu. Nimeambiwa ni UTI sugu, nimeambiwa ni figo, na mwanaume mmoja aliyekuja kupunguza suruali akaapa kwamba ni ngiri, na wanawake nao wanayo. Zahanati ya kwanza ilinipima mkojo na kunipa vidonge vya kuua vijidudu ingawa sikuwa na homa wala sikuungua nikikojoa. Ya pili ilinichoma diklofenaki. Sindano ile ina nguvu, sikatai: nililala vizuri usiku huo na uliofuata. Lakini dawa za jamii hiyo si za kutafuna kila siku miezi na miezi. Zinachubua tumbo mpaka vidonda, zinabana figo, na mwenye presha zinampandishia. Shoga yangu mmoja wa sokoni alikuwa anazinunua dukani bila cheti, mwisho wake alilazwa anatapika damu. Kwa siku mbaya chache zinafaa. Kuzifanya mboga, hapana.

Bibi mkandaji nampa alama nzuri. Anakaa Chumbageni, anatumia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, vidole vyake vinajua misuli ilipokaza, na bei yake ni unachojaaliwa. Ukitoka kwake mwili unalegea, usingizi unakuja. Kesho yake unaketi tena kwenye stuli ileile na mambo yanarudi. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, mie nakulegeza tu, kinachokukaza sikijui." Ni watoa huduma wachache niliosikia wakisema hivyo.

Sasa mkanda. Hapa nina haki ya kusema kuliko wengi, maana ukiniuzia kitu chenye mshono nitakigeuza ndani nje kabla sijakilipia. Nilinunua ule mweusi unaouzwa kila duka la vifaa tiba, wenye vyuma nyuma na lastiki mbili za kukazia pembeni, kwa shilingi elfu thelathini na tano. Mwenye duka alianzia hamsini. Kitambaa cha mbele ni neti nzuri inayopitisha hewa, ila nyuma, mahali jasho linapotoka kwa wingi, wameweka sponji nene iliyofunikwa nailoni. Kwa joto la Tanga la mwezi wa pili hiyo ni adhabu. Harara zilinitoka mstari mzima wa kiuno, nikawa navaa fulana ya pamba ndani, na dera juu, na bado najikuna mbele ya wateja.

Vyuma vimeingizwa kwenye mifuko iliyoshonwa mstari mmoja tu, bila kurudia mwishoni. Fundi yeyote anajua kitakachotokea: baada ya wiki chache kimoja kilitoboa na kuanza kunichoma ubavuni. Nikafumua, nikatia kipande cha jinzi, nikapiga mistari miwili na kufunga ncha. Baada ya hapo kikawa kigumu kuliko kilivyotoka kiwandani. Velkro ndiyo iliyoshindwa kabisa. Inashika nyuzi, vumbi na manyoya ya kitambaa cha sare, na kwenye chumba cha ushonaji vitu hivyo ndivyo vilivyojaa hewani. Ukiisugua kwa mswaki mkavu inarudi kidogo. Lastiki zenyewe sina neno nazo.

Kuhusu kazi yake: siku ya kwanza unahisi umeshikwa, na kuna faraja katika hilo. Nilikuwa nabeba ndoo nikiwa nimeuvaa na kuona mambo si mabaya. Lakini kadiri nilivyouzoea ndivyo nilivyoogopa kuuvua, hata kwenda kumwaga maji nje nautafuta kwanza. Mtaalamu wa fiziotherapia aliponiona nao alicheka, akaniambia Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini halishauri mikanda hii itumike kama tiba. Na si mikanda peke yake: mashine za kuvuta mgongo zimo, na zile za mawimbi ya sauti, na za kupitisha umeme kwenye ngozi, vitu ambavyo baadhi ya kliniki za kulipia zinavitoza kwa kila kikao. Yanayoshauriwa humo ni elimu, mazoezi yenye mpangilio, kukandwa na kunyooshwa na mwenye ujuzi, msaada wa kisaikolojia, na dawa za maumivu kwa kiasi. Bibi wa Chumbageni kumbe yumo kwenye mwongozo. Mkanda umetoka.

Kwa hiyo mkanda: nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa ajili ya lastiki.

Vitanda vya joto nitavipitia haraka, ingawa huko ndiko nilikocheka sana. Kwa asiyevijua: ni kituo chenye vitanda vilivyopangwa safu, unalala chali, mawe ya moto yanatembea chini yako yanapita mgongoni kama pasi, dakika arobaini hivi, bure. Wazee wa mji mzima wako pale asubuhi. Kabla ya kulala mnaimba, mnapiga makofi, mtu anasimama kutoa ushuhuda: presha imeshuka, macho yanaona, kisukari kimekwisha. Vijana wanaohudumia wana adabu mno, shikamoo bibi, karibu bibi, wanakuvua na kandambili. Joto lenyewe ni tamu kweli, na kwa siku hiyo misuli inalegea. Tatizo linaanza wanapokujua jina. Unaanza kuulizwa watoto wako wako wapi, yupi ana kazi, na hatimaye unaonyeshwa bei ya kitanda cha nyumbani, ambayo ni ya mamilioni, na utaratibu wa kulipa kidogokidogo. Niliona bibi mmoja akipiga simu Muscat kwa mwanawe mbele ya kadamnasi, anamlilia anunuliwe. Nikachukua mkoba wangu. Mawe ya moto si kitu kibaya, lakini chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kanga inafanya kazi hiyohiyo, na haikuulizi habari za watoto.

Suala la picha linataka maneno zaidi, kwa sababu ndilo linalokula fedha za watu. Kliniki moja ya kulipia ilinipiga eksirei, daktari akaiinua kwenye mwanga na kunitamkia: "Pingili zimesagika." Basi. Akaandika MRI, picha ya mashine kubwa ya sumaku, ambayo ilikuwa zaidi ya laki tatu na inabidi niifuate Dar es Salaam. Neno kusagika lilinikaa kichwani wiki nzima. Nilikuwa nikiinama kuokota sindano nasikia mifupa inasagana, na nina hakika haikuwa inasagana, ni neno tu lilikuwa linasaga.

Hospitali, nilipoitoa ile eksirei bahashani, kijana wa fiziotherapia aliitazama, hakuidharau, kisha akanieleza mambo mawili. La kwanza, eksirei inaonyesha mifupa. Zile diski laini zilizo kati ya pingili, na mishipa ya fahamu, haionyeshi. La pili lilinishangaza. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kati ya watu wa umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari diski zao zilionyesha kuchakaa. Wa umri wangu, 50, ni asilimia 80, na asilimia 60 wana diski iliyotokeza nje. Watu wanaotembea, wanaolima, wanaocheza mdundiko harusini, hawana habari. "Kwa hiyo mama," akasema, "nikikupiga picha leo nitaona kitu, hilo sina wasiwasi. Swali ni kama hicho nitakachokiona ndicho kinachokuuma, na kama kitabadilisha nitakalokufanyia wiki hii." Ile laki tatu nilikuwa nimeshaitoa kwenye kikoba. Nimenunulia ovaloki iliyotumika, na inafanya kazi vizuri.

Sasa nije kwenye chumba chenyewe. Ukikiona kwa mara ya kwanza utadhani umedanganywa. Vitanda vitatu vya kupimia vyenye ngozi iliyochanika, kioo kirefu ukutani, ngazi ya mbao ya hatua tatu isiyokwenda popote, mipira mikubwa miwili, mmoja umelegea upepo, na baiskeli ya kukanyaga papo hapo ambayo mji wa baiskeli kama huu haukuwa na haja nayo. Hakuna mashine inayowaka taa. Baada ya kuona mawe ya moto na vyuma vya kliniki, nilikaribia kugeuza.

Kijana wa zamu alisomea KCMC, Moshi. Nilipomwita daktari alinirekebisha kwa upole kwamba yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia. "Shikamoo mama. Niambie siku yako ilivyo, tangu unaamka mpaka unalala." Nikadhani ni salamu. Kumbe ndiyo kazi imeanza. Alitaka kujua naketi kwa muda gani bila kuinuka, stuli ina kimo gani, pedali naikanyaga kwa mguu upi, kitambaa nakikatia wapi. Nikamwambia nakatia sakafuni, kwa kuinama. Akaandika. Nalala upande gani. Asubuhi kiuno kinachukua muda gani kulegea. Naogopa nini. Hilo la mwisho lilinichukua dakika kulijibu: naogopa kuacha kushona, maana nyumba inategemea cherehani. Akaandika na hilo pia.

Kisha akaniuliza, "Unaswali vipi, mama?" Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuliza. Nikamweleza kwamba rukuu ndiyo inayoniumiza kuliko yote, na kwa miezi sasa naswali kwenye kiti. Hakusema kiti ni kibaya, dini yenyewe imeruhusu. Alitaka tu kujua rukuu inaumaje: wakati wa kushuka, ukiwa umekaa chini pale, au wakati wa kuinuka.

Baada ya maswali akanipima. Nikatembea kwa visigino, nikatembea kwa ncha za vidole. Akanigonga magoti na visigino kwa kinyundo cha mpira. Nikalala chali akaniinua mguu ukiwa umenyooka. Wa kulia ulikwenda juu bila neno, wa kushoto ulifika njiani umeme ukashuka mpaka kigimbini. Akanipapasa mguu kwa pamba, macho nimefumba, niseme nahisi au sihisi. Akaniuliza bila haya, na nilishukuru hakuona haya, kama mkojo na choo navimudu, na kama sehemu za siri zimekufa ganzi. Kisha akanilaza kifudifudi na kuniacha hivyo. Baadaye niinuke kwa viwiko. Baadaye kwa mikono, kifua juu, kiuno kibaki kitandani. Mara ya kwanza kiuno kiliuma vibaya. Nilipoendelea, akauliza, "Mguu je?" Kigimbi kilikuwa kimenyamaza. Maumivu yalikuwa yamepanda yote juu, yamekaa kiunoni. Nikadhani nimeharibu. Yeye akatabasamu: maumivu yakitoka mguuni na kurudi katikati, hata kama katikati panauma zaidi kwa muda, hiyo ni dalili njema.

Akanisimulia asili ya zoezi hilo nikiwa bado nimelala. Mwaka 1956, New Zealand, mtaalamu aitwaye Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye maumivu yake yalishuka mguuni na hayasikii tiba. Siku hiyo akamwambia aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa upande wa kichwani umeinuliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia, na mgonjwa huyu akalala hivyohivyo, mgongo umepinda kinyumenyume, namna ambayo enzi hizo ilikuwa ikiogopwa. McKenzie alichelewa kidogo, alipoingia akashtuka, na mgonjwa akamwambia hajawahi kujisikia nafuu hivyo kwa wiki kadhaa. Kutoka hapo akaanza kuchunguza kila mgonjwa anaumia akielekezwa upande gani na anapata nafuu upande gani. Nilipenda kwamba chanzo chake ni foleni. Foleni ya hospitali angalau imewahi kuleta kheri mahali fulani.

Lakini tafadhali, usiondoke hapa ukajilaze kifudifudi kwa sababu mie nimesema. Jirani yangu mzee, dereva wa zamani, anayo ya kinyume kabisa. Akitembea kutoka kwake hadi msikitini anasimama njiani miguu imekuwa mizito, akiinama mbele anapata nafuu, na akipanda baiskeli, ameegemea usukani, anazunguka Tanga nzima hana shida. Kwake yeye njia ya mishipa ndani ya uti imebana kwa uzee, na kupinda kinyumenyume kunaibana zaidi. Alipewa mazoezi ya kukunja magoti kifuani. Kijana yuleyule, chumba kilekile, kiuno hichohicho kwa jina, na tiba mbili zisizofanana. Kwa hili peke yake naipa huduma hii nyota zake.

Nyumbani kazi ilikuwa yangu. Kulala kifudifudi na kuinuka kwa mikono, mara kumi kila baada ya saa mbili tatu, kwenye mkeka nyuma ya kaunta. Wateja walizoea. Akaniagiza pia nihamishe ukataji kutoka sakafuni, nikanunua mlango mkuukuu kwa fundi seremala nikauweka juu ya matofali, unanifika kiunoni, na sasa nakatia nimesimama. Meza ya cherehani nimeiinua kwa vipande vya mbao chini ya miguu, kiasi ambacho sihitaji kuisujudia. Stuli nimeiwekea mto wa sponji na kiti cha mgongo nakitumia ninapotia vifungo. Saa ya ukutani imekuwa bosi wangu: kila nusu saa naamka, hata kama ni kuchungulia barabarani nani anapita.

Na kutembea. Mwanangu anayesoma uuguzi alinisomea jaribio la Australia lililochapishwa 2024, watu 701 ambao mgongo wao ulikuwa umepona karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea, pamoja na kufundishwa, walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa, siku 112. Lengo lilikuwa nusu saa, siku tano kwa wiki, na walifika hapo kwa kupanda taratibu. Mie naelekea Raskazone jioni jua likipoa, na nikiwa na mzigo wa kanzu za kupeleka naupakia kwenye bajaji utangulie.

Kasoro zipo na sizifichi. Mtaalamu ni mmoja kwa siku nyingi, akienda semina chumba kinafungwa na hakuna anayekwambia mpaka ufike mlangoni. Kulipia kunataka upange foleni dirishani upewe namba ya malipo, ukalipe kwa simu, urudi kuonyesha, na mtandao ukikatika mnaangaliana. Pazia kati ya vitanda halifiki mwisho. Kwa mwanamke wa Kiislamu anayetakiwa kulala kifudifudi na kuinua kifua, hilo si dogo. Nilimwambia muuguzi wa zamu, akaleta shuka na pini. Karatasi ya mazoezi waliyonipa imetolewa kopi ya kopi mpaka yule mtu aliyechorwa hana kichwa, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Nimeyaandika upya kwa Kiswahili kwa mkono, nikampelekea, na siku nyingine nikaikuta imebandikwa ukutani.

Na je, nimepona? Mguu umeacha kuwaka na dole gumba limerudi. Rukuu naishuka, nusu kwanza, ikaja yote. Kiuno chenyewe bado kinanikumbusha, na msimu wa Idd uliopita kilikaza siku kadhaa mpaka nikarudia diklofenaki kwa chakula. Tofauti ni kwamba sikuogopa. Nilijua cha kufanya kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, na wiki ilipokwisha nilikuwa nimeketi tena kwenye mashine. Mtu anayeahidi kwamba kiuno cha fundi wa miaka hamsini hakitauma tena, anakuuzia kitanda.

Kuna wagonjwa ambao hata fiziotherapia si mahali pao pa kuanzia, na hawa waende kwa daktari siku hiyohiyo: aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo umegoma kutoka, au amekufa ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au mguu unazidi kuishiwa nguvu. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda nayo yasichukuliwe kuwa ya kuketi sana, maana kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili za mgongo na kwetu hakijaisha. Aliyeanguka kutoka juu, mtu aliyewahi kuugua saratani, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wote hao waanze kwa daktari.

Kwa mnaokwenda: mie nililipa shilingi elfu kumi kwa kikao, na wenye bima waulize kwanza kama kadi yao inagharimia idara hiyo, kwa kuwa si zote. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, Jumatatu iepuke. Chukua eksirei za zamani na orodha ya dawa unazomeza, hata za mitishamba. Wanawake, vaeni suruali nyepesi ya lastiki chini ya dera, iwe pana gotini, na mje na kanga ya ziada ya kujifunika mgongo. Asiye na suruali hiyo aje Ngamiani, nashona, mfuko upande mmoja, lastiki ya kubadilishwa.